Taa ya injini inarudi kila ikifutwa, kodi P0420. Ni masega kweli au kuna kingine?

#1 Mwendo Pole (mleta uzi)

Wakuu habari. Naomba msaada wa wenye uzoefu.

Gari langu ni la petroli, silinda nne, lita 1.8, la mwaka 2006, limeshatembea kilomita 168,000. Wiki tano zilizopita taa ya injini iliwaka. Ni ya njano, haipepesi, imetulia tu. Gari linatembea vizuri, asubuhi linawaka mara moja, halimisi, moshi siuoni. Nikalipeleka kwa fundi, akachomeka mashine, ikatoka kodi, yaani namba ya kosa, P0420. Akaifuta. Siku ya nne ikarudi. Akaifuta tena, nikakaa siku sita, ikarudi. Mara ya tatu akasema masega, yale ya kusafisha moshi kwenye bomba la ekzosi, yamekufa, tuyatoboe tuache bomba tupu, halafu taa "tutaidanganya".

Hapo nikasita, nikaondoka na gari langu. Maswali ni mawili. P0420 ikitokea ni lazima masega yawe yamekufa? Na kama yamekufa kweli, yameuawa na nini? Sitaki kufunga mapya halafu nayo yafe mwakani.

#2 Gia ya Tano

Masega hayo mkuu. Kilomita 168,000 yameshakula chumvi ya kutosha. Ila usitoboe, funga mengine uendelee na maisha.

#3 Mzungusha Spana

Gia ya Tano, taratibu kaka.

Mleta uzi, P0420 haisemi masega yamekufa. Inasema ufanisi wa masega ya upande wa kwanza uko chini ya kiwango. Kuna tofauti kubwa hapo, kwa sababu kompyuta haina jicho ndani ya masega. Ina sensa mbili za oksijeni, moja kabla ya masega na nyingine baada yake, na kazi yake ni kulinganisha.

Sensa ya mbele hupanda na kushuka kati ya volti 0.1 na 0.9 hivi, maana kompyuta inaongeza na kupunguza petroli muda wote ili ibaki karibu na kilo 14.7 za hewa kwa kilo 1 ya petroli. Masega yaliyo hai yanahifadhi oksijeni mchanganyiko ukiwa mwepesi (petroli pungufu) na kuitoa ukiwa mzito (petroli nyingi). Ndiyo maana sensa ya nyuma ya gari lenye masega mazima hutulia, mara nyingi kwenye volti 0.6 au 0.7. Masega yakichoka, hiyo akiba haipo tena, na sensa ya nyuma inaanza kucheza ngoma ile ile ya mbele. Kompyuta ikiona ngoma mbili zinafanana, inaandika P0420.

Kwa hiyo kabla ya kuhukumu masega, tafuta kila kitu kinachoweza kuiyumbisha ile ngoma: moshi unaovuja karibu na sensa, hewa ya ziada inayoingia kwenye injini, plagi zinazomisi, injini inayokula oili. Nijibu haya:

Fundi alisoma zile takwimu ambazo kompyuta inahifadhi wakati taa inawaka, kabla hajafuta? LTFT, yaani marekebisho ya muda mrefu ya petroli, ni asilimia ngapi? Gari linakula oili? Asubuhi likiwa baridi unasikia mlio wowote mbele?

#4 Bi Sukani

Poleni na majukumu. Mimi taa kama hiyo ilinisumbua mwezi mzima, nikabadilishiwa sensa mbili, kumbe ni mfuniko wa tenki la petroli. Mpira wake ulikuwa umepasuka. Nikafunga mfuniko mpya, taa ikazima yenyewe baada ya siku chache. Angalia na hilo kaka yangu, ni kitu cha dakika moja.

#5 Mama Plagi

Bi Sukani, kisa chako ni cha kweli, ila mfuniko hauleti P0420. Wewe utakuwa ulisomewa P0455 au P0457, au P0442 kama tundu lilikuwa dogo. Hizo ni za mfumo wa kuzuia mvuke wa petroli usipotee hewani. Mvuke wa tenki huhifadhiwa kwenye kopo la mkaa, kisha valvu inafunguka na injini inauvuta na kuuchoma. Kompyuta hupima kama mfumo umeziba, na kwenye magari mengi inanasa hata tundu la nusu milimita, ndiyo ile P0456.

Na kwa faida ya wengine: acheni kuendelea kumimina petroli baada ya pampu kukata yenyewe. Petroli ya maji ikifika kwenye kopo la mkaa inaliharibu, na valvu yake ikikwama wazi utaona gari linasumbua kuwaka kila ukitoka kujaza tenki.

#6 Bi Sukani

Ni P0455 mama, nimekwenda kuangalia kwenye daftari langu. Asante kwa kunisahihisha. Na hiyo ya kusumbua kuwaka nikitoka kujaza tenki ninayo! Nilidhani ni betri.

#7 Mama Plagi

Pima valvu ya kuvuta mvuke kabla hujagusa betri. Injini ikizunguka taratibu, chomoa waya wake, halafu chomoa hozi inayotoka upande wa tenki, weka kidole. Waya ukiwa umechomolewa valvu inatakiwa iwe imefunga, kwa hiyo ukisikia inavuta, imekwama. Fungua uzi wako tukusaidie vizuri, huu tumwachie Mwendo Pole.

#8 Oili Chafu

Mimi nilifunga masega mapya, yakafa ndani ya mwaka mmoja na nusu. Nikalalamika wee kwamba nimeuziwa kitu kibovu. Fundi mmoja mzee akaniuliza swali moja tu: unaongeza oili kiasi gani kati ya sevisi mbili? Nilikuwa naongeza lita mbili, na nikaona ni kawaida kwa gari la umri ule.

Akanielekeza hivi. Kwenye oili ya injini mna fosforasi na zinki, vimewekwa kuzuia vyuma visilane. Oili ikipita kwenye ringi au kwenye sili za valvu ikaungua, fosforasi inakwenda kutua juu ya masega na kuyafunika kama masizi kwenye sufuria. Platinamu ipo, paladi ipo, rodi ipo, ila moshi hauvigusi tena. Masega hayajavunjika, ukiyagonga hayalii, lakini yamekufa.

Nilifanya oveholi ndipo nikafunga masega mengine. Huu mwaka wa nne sijaiona ile taa. Kwa hiyo Mwendo Pole, swali lako la pili ndilo kubwa kuliko la kwanza.

#9 Mwendo Pole

Wakuu, nimesoma yote. Majibu ya Mzungusha Spana:

Takwimu za wakati taa inawaka hazipo, fundi alifuta bila kuziandika. Nimenunua kile kifaa kidogo cha Bluetooth kinachoongea na simu. LTFT gari likiwa limesimama, injini ikizunguka taratibu, ni +9. Nikikanyaga hadi RPM 2,500 (mizunguko ya injini kwa dakika) inashuka hadi +3.

Oili: kama nusu lita kwa kilomita 1,000. Sikuwahi kulitilia maanani hadi nilipomsoma Oili Chafu hapo juu.

Mlio: ndiyo. Asubuhi kuna "tiki tiki tiki" mbele ya injini, dakika tatu au nne, halafu unakatika wenyewe. Nilidhani ni valvu.

#10 Mzungusha Spana

Huo mlio ndio ninaoushuku. Tiki inayokuja injini ikiwa baridi na kukatika ikipata moto mara nyingi ni moshi unaovuja kwenye gasketi ya ekzosi au kwenye ufa wa manifoldi. Chuma kikipata moto kinatanuka, kinaziba, mlio unakufa. Lakini kuziba kwa masikio hakumaanishi kumeziba kabisa.

Watu wengi wanadhani bomba likitoboka moshi unatoka tu. Moshi hutoka kwa mapigo, si kwa mkondo ulionyooka. Kati ya pigo na pigo shinikizo linashuka na hewa ya nje inavutwa ndani kupitia tundu lile lile. Sensa inaona oksijeni ambayo haikutoka kwenye injini, inaiambia kompyuta mchanganyiko ni mwepesi, kompyuta inaongeza petroli. Hiyo +9 yako inaweza kuwa ndiyo hiyo. Injini inalishwa petroli isiyohitaji, masega yanapokea mzigo yasiyoweza kuumaliza.

#11 Koili Nne

Mzungusha nakuheshimu, ila hapo sikubaliani nawe. Angalia namba zake tena. +9 taratibu, +3 kwenye 2,500. Huo ni mchoro wa hewa inayoingia upande wa kuvuta, baada ya sensa ya kupima hewa: hozi iliyopasuka, gasketi ya manifoldi ya kuingiza, hozi ya kupumulia injini. Injini ikizunguka taratibu inavuta hewa kidogo, kwa hiyo tundu dogo lina uzito mkubwa. Ukikanyaga, hewa halali ni nyingi na tundu lile lile linakuwa si kitu. Ingekuwa pampu ya mafuta dhaifu au sensa ya hewa imeshika uchafu, namba ingepanda kadiri unavyokanyaga.

Atafute gereji yenye mashine ya moshi. Inapuliza moshi kwenye njia za hewa, palipopasuka panafuka, hakuna ubishi. Ile njia ya kupulizia petroli au dawa ya kusafishia kabureta kwenye injini inayonguruma naiogopa, nimeona kwa macho yangu manifoldi ya moto ikiiwasha.

#12 Mzungusha Spana

Uvujaji wa ekzosi nao unaweza kutoa mchoro huo huo. Ukikanyaga, mapigo yanakuwa mengi na karibu karibu, hewa ya nje inapata nafasi ndogo ya kuingia. Kwa namba hizo peke yake huwezi kututenganisha mimi na wewe. Ila mashine ya moshi nakubali, na aipulizie pande zote mbili, ya kuvuta na ya kutoa.

#13 Gia ya Tano

Hii inanifurahisha. Nilisema masega post namba 2. Oili Chafu kaleta oili, oili inaua masega. Mzungusha kaleta petroli ya ziada, inaua masega. Koili Nne naye hewa na petroli. Wote tumefika kule kule, mmezunguka tu kupitia barabara ndefu zaidi.

#14 Dereva wa Usiku

Gia ya Tano, umefika kule kule lakini umefika bila kujua aliyeua, na muuaji bado yumo ndani ya nyumba.

Nisimulie kisa changu kwa sababu kinaniuma hadi leo. Taa yangu ilianza kupepesa, inawaka inazima, nikiwa safarini usiku. Nilijua ni taa ya injini, sikujua kwamba kupepesa ni lugha nyingine kabisa. Gari lilikuwa linatetemeka kidogo nikikanyaga mlimani. Nikajiambia nifike kwanza. Nikaendesha kilomita zaidi ya mia mbili hivyo hivyo.

Koili ya silinda ya tatu, ile inayoipa plagi umeme, ilikuwa imekufa, kodi ilikuwa P0303. Silinda ile ilikuwa inapokea petroli, haiichomi, inaisukuma mbichi hadi kwenye masega. Masega yenyewe ni tanuri, petroli mbichi na hewa vikikutana humo vinawakia humo. Yalipata moto hadi kauri ya ndani ikayeyuka na kufunga njia. Kesho yake gari lilikuwa haliwezi kilima. Linawaka, linanguruma, ukikanyaga linakohoa, kama mtu uliyemziba pua na mdomo. Nilifunga koili mpya kwanza, nikashangaa gari bado zito. Bomba lilipofunguliwa tukakuta bonge jeusi lililoyeyuka kama kioo.

Koili moja. Ningesimamisha gari pale pale ningebadilisha koili moja.

Taa ikitulia una muda wa kutafuta. Ikipepesa, punguza mwendo, usikanyage, na ukipata mahali salama simama. Naomba kila anayesoma uzi huu amweleze na mtu mwingine nyumbani anayeendesha gari lile lile.

#15 Bi Sukani

Pole sana kaka. Miaka yote hii naendesha sikujua tofauti ya kupepesa na kutulia. Nimewasomea watoto wangu wanaoendesha.

#16 Mama Plagi

Marekebisho mawili, kwa nia njema.

La kwanza kwa Mzungusha, post namba 3. Ngoma ya volti 0.1 hadi 0.9 ni ya sensa za zamani. Magari mengi ya miaka ya 2000 kuja juu yana sensa ya mbele ya aina nyingine, inayopima uwiano wenyewe wa hewa na petroli, na haichezi hivyo. Mwendo Pole akifungua simu akakuta sensa ya mbele imetulia, asije akaibadilisha akidhani imekufa. Aangalie kwanza gari lake lina aina gani. Ya nyuma ndiyo kwa kawaida bado ni ile ya volti.

La pili ni kwa wanaokimbilia kubadilisha sensa ya nyuma wakiona P0420. Fikirini. Sensa iliyochoka inakuwa mvivu. Mvivu hachezi, anachora mstari ulionyooka. Mstari ulionyooka ndio ule kompyuta inaupenda. Sensa mvivu huficha masega mabovu, haiyasingizii mazima. Zipo kesi za waya ulioungua au kiunganishi chenye kutu kuleta usumbufu, sikatai, ila kitu kinachopasha sensa moto kikifa kina kodi yake, P0141. Kubadilisha sensa ya nyuma bila kuipima ni kubahatisha.

#17 Mzungusha Spana

Sahihi kabisa Mama Plagi, nilieleza ya zamani kwa sababu ndiyo rahisi kuielewa, nilipaswa kusema.

#18 Kifungua Boneti

Naongeza kitu ambacho hakuna aliyekigusa: programu ya kompyuta yenyewe. Kuna magari ambayo watengenezaji walitoa taarifa kwa mafundi wao kwamba kipimo cha masega kiliwekwa kikali mno, na tiba ikawa kuingiza programu mpya. Wenye magari hayo walikuwa wananunua masega bure. Angalia kama gari lako lina taarifa ya namna hiyo kabla ya kukata kitu.

#19 Koili Nne

Zipo, lakini kwa gari la 2006 lililokaa miaka yote hiyo bila taa, kwa nini programu ianze kuwa kali leo? Kitu kimebadilika kwenye chuma.

#20 Kifungua Boneti

Au chuma kimechakaa kidogo tu, na kipimo kikali kimekinasa mapema. Vyote viwili vinaweza kuwa kweli kwa pamoja.

#21 Gia ya Tano

Kuna njia rahisi, kipimajoto cha kuelekeza kwa mbali. Pima bomba linapoingia kwenye masega na linapotoka. Panapotoka pakiwa na joto zaidi, masega yanafanya kazi. Pakiwa na joto pungufu, yamekufa. Tumeyapima mengi hivyo.

#22 Mama Plagi

Kipimo hicho kilikuwa na maana kwenye injini zilizokuwa zinatoa moshi mchafu mwingi. Injini ya siku hizi iliyo sawa inatoa uchafu kidogo sana wa kuchomwa, tofauti ya joto inakuwa ndogo, na kama bomba lina kava la chuma unapima kava. Nimewahi kukuta masega mazima yakipata sifuri kwa kipimo hicho. Kitumie kama ushahidi wa pembeni, usikifanye hakimu.

Na tusichanganye kuziba na kuchoka. Masega yaliyochoka yanaleta P0420 huku gari likikimbia vizuri. Masega yaliyoziba yanalinyima gari pumzi, na mara nyingine hayaleti P0420 kabisa. La kuziba linapimwa kwa kufungua sensa ya mbele na kufunga geji mahali pake: shinikizo likizidi psi 3 kwenye RPM 2,500, njia imebanwa.

#23 Nati na Bolti

Mbona mnahangaika? Kuna kile kipande cha chuma kinachofungwa kwenye sensa ya nyuma kuisogeza mbali na moshi. Taa haiwaki tena. Mimi nimefunga, mwaka wa pili huu.

#24 Dereva wa Usiku

Ndugu yangu Nati na Bolti, umeziba mdomo wa anayekuambia ukweli. Masega yanageuza kaboni monoksidi kuwa kaboni dioksidi, petroli isiyoungua kuwa maji na kaboni dioksidi, na oksidi za naitrojeni kuwa naitrojeni ya kawaida. Kaboni monoksidi haina harufu. Bomba tupu likivuja chini ya gari lako, inaingia ulipokaa na ulipowakalisha watoto. Na ile kompyuta ikishadanganywa haitakuambia siku masega yatakapoanza kuzidiwa na oili inayoungua. Naongea kwa uchungu kwa sababu taa iliniambia, nikakataa kusikia.

#25 Nati na Bolti

Nimekuelewa mkuu. Sikuwahi kufikiria la watu wanaokaa ndani. Nitakifungua nione kodi gani inarudi.

#26 Kinyonga

Wakuu, nje kidogo ya mada. Baba yangu anasema zamani masega yaliuawa na petroli yenye madini ya risasi. Je, gari la Mwendo Pole haliwezi kuwa limekutana na petroli hiyo?

#27 Oili Chafu

Baba yako yuko sahihi. Masega yalienea kwenye magari ya Marekani kuanzia matoleo ya mwaka 1975, na petroli isiyo na risasi ikalazimika kwenda nayo, maana risasi inayafunika kama fosforasi, tena kwa haraka zaidi. Nchi ya mwisho duniani kuuza petroli ya magari yenye risasi ilikuwa Algeria, na iliacha Julai 2021. Kwa leo hiyo tuiweke pembeni. Ila silikoni bado inaua. Ukibandika gasketi kwa gundi ya silikoni isiyo salama kwa sensa, mvuke wake unakwenda kwenye sensa na masega. Na maji ya rejeta yakivuja ndani kupitia gasketi ya kichwa, dawa iliyomo kwenye maji hayo nayo inaacha utando.

Mwendo Pole, maji ya rejeta hayapungui?

#28 Mwendo Pole

Hayapungui hata kidogo. Asanteni kwa kunikumbusha, maana leo nina taarifa ndefu.

Nimekwenda gereji nyingine yenye mashine ya moshi. Vimekutwa vitu viwili. Kwanza, gasketi kati ya manifoldi ya ekzosi na bomba la mbele imeungua upande mmoja, kabla ya sensa ya kwanza, na alama nyeusi ya masizi inaonekana kwa macho. Mzungusha, mlio wa asubuhi ulikuwa huo. Pili, hozi ya kupumulia injini imepasuka chini, mahali ambapo huoni hadi uingize kioo. Koili Nne, moshi ulifuka pale kama jiko la kuni. Na valvu yake ilikuwa imekwama wazi, fundi anasema huenda ndiyo ilikuwa inavuta oili kwenda kuungua.

Tumebadilisha gasketi, hozi na valvu. Plagi zilikuwa na utando wa kijivu, nimefunga mpya. LTFT sasa ni +2 taratibu na +1 kwenye 2,500. Tumefuta kodi. Leo siku ya tisa, taa haijawaka. Mlio wa asubuhi umekwisha. Naona tumeshinda!

#29 Koili Nne

Hongera. Kwa hiyo mimi na Mzungusha tulikuwa sahihi wote wawili, sijui nani amtumie mwenzake salamu.

#30 Mama Plagi

Hongera mkuu, lakini usifunge uzi bado. Ukifuta kodi unafuta pia kumbukumbu ya vipimo ambavyo kompyuta imeshavifanya. Fungua kwenye simu sehemu ya vipimo, angalia mstari wa masega. Ukisema "haijakamilika", taa haijawaka kwa sababu mtihani haujafanyika.

Kipimo cha masega kinahitaji injini ipate moto kamili, halafu mwendo uliotulia kwa dakika kadhaa, na masharti yanatofautiana gari kwa gari. Kwenye foleni za mjini unaweza kukaa wiki bila kukikamilisha. Halafu kwa kawaida kosa la aina hii linatakiwa lionekane safari mbili: ya kwanza inaandikwa kimyakimya kama kodi inayosubiri, ya pili ndiyo inawasha taa. Ndiyo maana kwa fundi wako wa kwanza ilikuwa inarudi siku ya nne na siku ya sita. Haikuwa imepona katikati.

#31 Mwendo Pole

Nimeangalia. Imeandikwa haijakamilika. Moyo umeshuka kidogo. Jumamosi nina safari ya barabara kuu, nitatembea mwendo mmoja nione.

#32 Kifungua Boneti

Ukiwa huko rekodi mchoro wa sensa ya nyuma. Mwendo mmoja, bila kukanyaga na kuachia.

#33 Mwendo Pole

Nimerudi. Kipimo cha masega kimekamilika, na hakuna kodi, wala inayosubiri. Mchoro wa sensa ya nyuma uko kwenye volti 0.65 muda mwingi, lakini kila baada ya sekunde chache unadondoka hadi 0.4 na kurudi. Kwenye ile kurasa ya matokeo ya vipimo, namba ya masega imepita lakini imekaa karibu sana na ukomo. Mnasemaje?

#34 Mzungusha Spana

Masega yako yapo hai. Yalikuwa yanazidiwa na ule mchanganyiko mbaya. Yape mwezi, injini ikiwa inachoma sawa, sehemu ya uchafu uliotua juu itaungua na namba itasogea.

#35 Oili Chafu

Masizi ya petroli yataungua, fosforasi haitaungua. Nusu lita kwa kilomita 1,000 kwa miaka mingapi? Mimi nasema yamechoka nusu, umeyapunguzia tu mzigo.

#36 Gia ya Tano

Yamepita chupuchupu. Bado nasema masega. Safari hii nasema taratibu.

#37 Kifungua Boneti

Na mimi bado nataka ajue kama programu yake ni ya kwanza au ilishabadilishwa. Namba ikikaa karibu na ukomo, ukomo wenyewe una maana.

#38 Nati na Bolti

Nimefungua kile kipande. Siku ya tatu taa imewaka, si P0420 peke yake, ni P0420 na P0171 pamoja. Kumbe na mimi nina hewa inaingia mahali. Nianzie wapi?

#39 Koili Nne

Hapo hapo alipoanzia Mwendo Pole. P0171 ni mchanganyiko mwepesi, shughulika nayo kwanza, ya masega iache ikusubiri. Andika LTFT taratibu na kwenye 2,500, na usifute kitu hadi uziandike zile takwimu za wakati taa inawaka.

#40 Mwendo Pole

Asanteni wote. Nimeamua sinunui masega sasa. Leo asubuhi nimejaza oili hadi alama ya juu, injini ikiwa baridi, gari likiwa mahali tambarare, nimeandika kilomita 169,412. Nitapima tena baada ya kilomita 1,000 na nitaleta namba ya masega siku hiyo hiyo.

#41 Oili Chafu

Pima mahali pale pale na asubuhi vile vile. Na usiongeze hata tone bila kuliandika. Tupo.